MBWA WA DADA YETU NA KAMBI YA ZIWANI



Ndugu zangu katika imani, mlio hapa Fargo na mlio mbali mnaosoma darsa hizi kwa simu, leo somo ni refu kidogo. Tafuteni nafasi mkae nalo.

Kiangazi kinakaribia, na familia za msikiti wetu zimeanza tena kupanga safari ya ziwani. Mwaka jana tulikwenda familia tisa, tukapiga mahema kando ya Ziwa Sakakawea, tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Safari ilikuwa ya kheri. Lakini wiki hii kundi letu la WhatsApp limewaka moto, na aliyeuwasha moto huo ni mbwa.

Wengi mnaijua habari. Wasioijua niwaeleze bila kutaja jina la mtu. Yuko dada yetu mmoja, mzaliwa wa huku huku, binti wa wakulima, aliyesilimu miaka mitatu iliyopita. Ni mjane. Anaishi peke yake shambani nje ya mji, na ana mbwa mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe wa marehemu mumewe. Mwaka jana alikuja naye ziwani kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Sasa wako waliopendekeza kwamba mwaka huu aambiwe achague: aje bila mbwa, au asije kabisa. Mmoja ameandika kuwa kambi ya Waislamu haiwezi kuwa na najisi inayotembea.

Nimeulizwa kauli yangu. Naiweka hapa mwanzo ili hata asiyefika mwisho aondoke nayo: dada yetu aje, na mbwa wake aje, na sisi tujifunze twahara yetu vizuri. Mtu asiyeijua twahara asimlipishe mwenzake gharama ya kutojua kwake.

Sasa nieleze.

KWANZA: DINI INASEMAJE?

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na ndugu zetu Wasomali, ni Mashafi. Na madhehebu yetu hayana mchezo katika jambo hili. Kwetu mbwa ni najisi nzito, mughalladha: mate yake, jasho lake, hata manyoya yake. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hivyo ndivyo nilivyosomeshwa chuoni nikiwa mtoto, na hivyo ndivyo ninavyosomesha. Sikuja hapa kulegeza kitu.

Lakini elimu haiishii hapo. Mahanafi wanasema mate ya mbwa ni najisi ila mwili wake si najisi. Imam Malik, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliona mbwa aliye hai ni twahara, na kule kuosha chombo mara saba ni amri tunayoitii kama ibada. Hao ni maimamu wa umma huu. Kwa hiyo ndugu yetu wa Sudan, aliyekulia katika madhehebu ya Malik, akimpapasa yule mbwa kisha akaingia safuni, usimtolee macho. Yeye ana imamu wake na wewe una wako, na nyote mnaelekea kibla kimoja.

Na hata ndani ya Ushafi wetu kuna kanuni mbili ambazo naona watu wameziacha chuoni.

Ya kwanza: kikavu kikigusana na kikavu hakuna najisi inayohama. Mbwa mkavu akipita akagusa kanzu yako kavu, kanzu yako ni twahara. Huhitaji kupiga kelele wala kukimbia wala kumtisha mtoto wako.

Ya pili: maji yakifika kulla mbili, yaani takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Nasema hivi kwa sababu mwaka jana mbwa yule alipoingia majini, ndugu mmoja alikataa kutawadha ziwani siku nzima, akatumia maji ya chupa tuliyowanunulia watoto. Sheikh wangu, Ziwa Sakakawea lina urefu wa zaidi ya kilomita 280! Lita mia mbili ziko wapi na ziwa hilo liko wapi? Ukilikataa ziwa lile kwa ajili ya mbwa mmoja, basi hutapata maji ya kutawadhia duniani.

Na akitoka majini akajikung'uta, akakurushia matone? Hapo kwa madhehebu yetu nguo ina hukumu: ioshwe mara saba, moja kwa udongo. Walimu wetu wamerahisisha: ukiwa kwenye maji mengi kama ya ziwa, ichovye nguo na uitikise humo mara saba, mara moja ukiwa umeipaka udongo. Udongo umeukanyaga, maji yako mbele yako. Ni kazi ya dakika tatu. Ndiyo maana naliita hili jambo la twahara, na jambo la twahara hutatuliwa kwa maji.

Mkumbukeni yule bedui aliyeingia katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) akakojoa ndani yake. Masahaba waliruka kumzuia. Mtume akawakataza, akamwacha amalize, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale mahali. Bedui akaelimishwa kwa upole na akabaki Mwislamu. Najisi ile ilikuwa ndani ya msikiti, na tena msikiti ule! Ikaondolewa najisi, mtu akabakishwa. Sisi tunataka kumwondoa mtu kwa najisi ambayo haijamgusa yeyote.

PILI: JE, ANAFANYA HARAMU KWA KUMFUGA?

Hapa pia msichanganye mambo. Ni kweli Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Lakini katika mafunzo hayo hayo ametolewa mbwa wa mifugo, mbwa wa kuwinda na mbwa wa shamba. Qur'ani yenyewe imeruhusu kula mawindo yaliyokamatwa na mbwa waliofunzwa. Mbwa wa dada huyu amechunga ng'ombe miaka kumi, na leo analinda nyumba ya mjane iliyo peke yake katikati ya mashamba, ambako taa ya jirani huioni. Kama huyu si mbwa wa shamba, basi sijui ni yupi. Wala uzee haukumtoa katika hukumu hiyo. Au mlitaka amtupe kwa kuwa meno yameisha?

Kuhusu malaika kutoingia nyumba yenye mbwa: maulamaa wamekhitilafiana. Khattabi aliona kuwa mbwa walioruhusiwa hawaingii katika makatazo hayo. Imam Nawawi, mwanachuoni wetu wa Kishafi, aliona maneno yamekuja kwa ujumla. Ukifuata kauli ya Nawawi, vizuri, usimwingize mbwa hemani mwako. Hakuna aliyekulazimisha. Mwaka jana mbwa alilala nyuma ya pikapu ya mwenyewe usiku wote wa safari.

TATU: TUNAMFUKUZA NANI, NA SISI NI AKINA NANI?

Ndugu zangu, hapa ndipo panaponiuma.

Ziwa lile halikuwepo zamani. Lilitokana na bwawa la Garrison, lililojengwa kwenye Mto Missouri kati ya 1947 na 1953. Maji yalipopanda yalifunika zaidi ya ekari 150,000 za ardhi ya wenyeji wa asili: Wamandan, Wahidatsa na Waarikara. Mashamba yao ya bondeni, yaliyokuwa na rutuba kuliko yote, yalizama. Mji wao wa Elbowoods, uliokuwa na shule na hospitali yao, uko chini ya maji mpaka leo. Familia zikahamishiwa juu kwenye upepo. Mnapowapeleka watoto kuogelea pale, waambieni. Mtoto ajue kwamba maji yale mazuri yana wenyewe waliolia.

Na sisi je? Nitazame safu zangu za Ijumaa: Wakongo, Warundi, Wasomali, sisi wa pwani ya Kenya. Zaidi ya nusu yetu tuliondoka kwetu bila kupenda. Tunajua maana ya kuambiwa hapa si mahali pako. Iweje mtu aliyeonja uchungu huo amwambie mjane, mgeni katika dini, kwamba hapa si mahali pako?

Tena sisi si Waislamu wa kwanza katika nyika hii ya nyasi. Kaskazini ya ziwa hilo kuna kijiji kinaitwa Ross. Waislamu kutoka Sham walikuja pale mwanzoni mwa karne iliyopita, wakapewa ardhi ya kulima kama walivyopewa wakulima wengine. Waliswali majumbani mwao miaka mingi, na mwaka 1929 wakajenga msikiti, mmoja kati ya misikiti ya kwanza kabisa kujengwa Marekani. Baadaye waumini wakapungua, na katika miaka ya 1970 jengo likabomolewa. Mwaka 2005 kikajengwa kimsikiti kidogo mahali pale pale kwa ukumbusho, na makaburi yao yapo, yenye alama za mwezi na nyota, katikati ya mashamba.

Mimi nimesimama kwenye makaburi yale nikawaombea dua. Na funzo nililoondoka nalo ni hili: msikiti katika nchi hii haufi kwa kubomolewa. Hufa watu wakipungua, mmoja mmoja, kimya kimya, mpaka siku moja hakuna wa kufungua mlango. Nasi leo tunakaa kwenye simu kujadili nani tumpunguze!

NNE: HOJA ZA WENZETU

Nisiwadhulumu waliopinga. Wako wenye hoja za kweli, na wanastahili kujibiwa.

Mama mmoja ameandika kwamba mtoto wake aliumwa na mbwa kambini Afrika, na mpaka leo akiona mbwa anatetemeka. Mama, una haki. Kwetu mbwa wa mitaani hana chanjo wala mwenyewe, na kichaa cha mbwa kinaua. Hofu ya mtoto wako isidharauliwe. Lakini mbwa wa huku huchanjwa, na katika hifadhi za huku sheria humtaka afungwe kamba fupi muda wote, wala haruhusiwi kwenye ufukwe wa kuogelea. Tutaweka mahema yenu upande wa pili kabisa. Na ukipenda, mtoto amtazame kwa mbali, siku ya pili karibu kidogo, bila kulazimishwa. Atakutana na mbwa maisha yake yote katika nchi hii. Ni bora ajifunze akiwa nawe ubavuni.

Baba mwingine ameandika kuwa tangu mwaka jana watoto wake wanalilia mbwa wa kwao. Hapa niko nawe, ndugu yangu. Jibu ni hapana, na usione haya kulisema. Unaishi ghorofa ya tatu, huna ng'ombe, huna shamba, huwindi. Mbwa wa kuchezea ndani hana nafasi katika mafunzo ya Mtume wetu. Lakini mpe mtoto sababu, usimpe kelele. Ukimwambia mbwa ni mnyama mbaya, umemdanganya, maana Mwenyezi Mungu amemtaja mbwa wa vijana wa pangoni pamoja nao katika Suratul Kahf. Mwambie: mbwa ana kazi yake na mahali pake, na nyumbani kwetu ni mahali pa kuswalia.

Kisha mpe bakuli la maji, mwambie akaliweke mbele ya yule mbwa mzee. Mwambie habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mola wake akamsamehe. Mtoto wako atajifunza rehema bila kufuga kitu na bila kuosha chochote mara saba.

TANO: TWENDENI VIPI?

Kwa hiyo mwaka huu, inshallah, utaratibu uwe huu.

1. Hema la swala lipigwe upande unakotoka upepo, mbali na wanyama. Mbwa abaki upande wa gari la mwenyewe, kwenye kamba yake. Kibla kule ni kaskazini-mashariki. Hakikisheni kabla giza halijaingia.

2. Kila mtu awe na nguo ya swala iliyofungwa ndani ya mfuko. Nguo za kuchezea ni mbali, za swala ni mbali. Hili ni zuri hata kusingekuwa na mbwa, maana matope ya ziwani hayana adabu.

3. Bakuli la mbwa liwe lake peke yake, na yeye alijue. Dada mwenyewe mwaka jana alikuja na la bati, akalitia alama nyekundu bila kuambiwa na mtu. Wangapi kati yetu waliliona hilo?

4. Swala: ni zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa, na kukaa kwetu hakufiki siku nne kamili, kwa hiyo sisi ni wasafiri. Tutapunguza na kukusanya. Mwishoni mwa Juni jua kule huzama karibu saa nne kasoro robo usiku, na Isha ikingojewa wakati wake ni usiku wa manane. Tutaswali Isha pamoja na Maghrib, watoto walale. Alfajiri nayo haichelewi, na tutaamshana.

5. Maji: mwezi wa saba na wa nane, joto likizidi, maziwa ya huku huota mwani wenye sumu. Maji hugeuka kijani, kama rangi iliyomwagwa au supu ya mboga. Maji ya namna hiyo asiingie mtoto, wala mbwa asinywe. Mbwa wengi hufa kwa kuyanywa au kwa kujilamba manyoya baada ya kuogelea. Someni mabango ya hifadhi kabla hamjavua viatu. Na kila mtoto avae jaketi la kuelea, hata anayejisifu anajua kuogelea. Mfunge ngamia wako kwanza, ndipo umtegemee Mungu.

6. Asubuhi na jioni wakagueni watoto kupe: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti. Nyasi ndefu zimejaa kupe, na hawabagui mbwa na mtu.

7. Moto uzimwe kwa maji kabla ya kulala mpaka jivu lishikike kwa mkono. Tumekatazwa kulala na moto ukiwaka, na upepo wa nyika ile unaweza kulipeleka cheche moja mpaka shamba la ngano la mtu. Vigingi vya hema vipigwe vyote. Mbingu ya kule hubadilika ghafla; ikitangazwa dhoruba, acheni mahema, ingieni kwenye jengo la hifadhi.

8. Wenye paka. Paka si najisi, Mtume (s.a.w.) amesema ni katika wanaotuzunguka majumbani. Lakini msimlete ziwani akapotea nyikani, wala msimfungie nyumbani siku tatu na kibakuli kimoja. Mnamjua yule mwanamke aliyemfunga paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie, na mnajua aliishia wapi. Mwachieni jirani ufunguo. Na mnyama yeyote asiachwe ndani ya gari juani, hata dakika chache. Gari lililofungwa ni tanuri.

MWISHO

Ndugu zangu, dada huyu alipoingia Uislamu, jamaa zake wengine walimpunguzia mguu nyumbani kwake. Akatupata sisi. Mwaka jana kule ziwani alikaa na mabinti zetu mpaka usiku, akiwafundisha majina ya nyota kama alivyofundishwa na baba yake, na wao wakimsahihisha Suratul Asr aya kwa aya. Mwalimu gani wa madrasa angeweza kuupanga usiku kama ule?

Aliyeandika maneno makali kwenye kundi ayafute, na amwombe radhi kabla ya Ijumaa. Mimi nitampigia simu leo baada ya Asr, kumwambia nafasi yake ipo na ya mbwa wake ipo, na kumwuliza kama anaweza kuja na zile kuni kavu za shambani kwake. Kinamama, mmoja wenu ajitolee kusafiri katika gari lake. Njia ni ndefu na yeye yuko peke yake.

Ewe Mola wetu, tutwaharishe nyoyo zetu kabla ya nguo zetu, utupe fiqhi ya dini yetu na rehema kwa viumbe vyako. Warehemu waliotutangulia katika nyika hii, wa Ross na kwingineko, wala usiifanye misikiti yetu kuwa ukumbusho wakati watoto wetu wangali hai. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mwenye swali aulize hapa chini kwa adabu. Na anayeona kuna faida amtumie mwenzake.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.